Gumegume, Fataki na Risasi za Ganda: Bei na Ubora katika Ununuzi wa Bunduki ya Kwanza, Ukanda wa Shinyanga na Geita, 1840–1916

Utangulizi

Katika maandishi ya historia ya Tanzania ya magharibi ni bidhaa chache zilizotajwa mara nyingi kama bunduki, na ni chache zilizochunguzwa kwa uvivu kama hiyo. Waandishi huhesabu bunduki za Mirambo, za Isike au za wafanyabiashara wa Unyanyembe, kisha huendelea na vita. Ni nadra kuulizwa bunduki hizo zilikuwa za aina gani, ziliingiaje mikononi mwa mtu ambaye baba yake hakuwa nayo, na kwa nini mtu huyo alichukua hiyo na si nyingine iliyokuwapo katika soko lilelile.

Pale swali la ubora linapogusiwa, majibu mawili hutolewa. La kwanza ni la wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, ambao kwao mwenyeji alikuwa mtu wa kuridhishwa na kitu chochote chenye mtutu. La pili limetoka upande ulio kinyume kabisa kisiasa. Walter Rodney, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, aliziweka silaha zilizopitwa na wakati katika orodha moja na mashuka makuukuu na sare za jeshi zilizotupwa, yaani takataka za viwanda vya Ulaya zilizobadilishwa kwa mali na watu. Hoja ya Rodney kuhusu muuzaji ni ya kweli. Kuhusu mnunuzi, hata hivyo, inamwacha palepale walipomwacha wasafiri: mtu aliyedanganywa. Insha hii inashikilia kwamba mnunuzi wa ukanda huu alikuwa na hesabu yake, kwamba hesabu hiyo ilihusu baruti kuliko bunduki yenyewe, na kwamba ndani ya hesabu hiyo bunduki ya bei ndogo mara nyingi ilikuwa ndiyo bora. Ikikubaliwa hivyo, inabidi pia kueleza ni lini hesabu hiyo iliacha kufanya kazi, na nani aliyeivuruga.

Eneo linalozungumziwa ni lile ambalo barabara ya misafara ya kaskazini ililipitia kutoka Tabora kwenda kusini mwa ziwa: Usongo, Usumbwa, Msalala, watemi wa Usukuma ya kusini, hadi Usambiro na pwani ya ziwa. Kwa majina ya leo ni Nzega, Kahama, Shinyanga, Bukombe na Geita. Mipaka ya sasa isimchanganye msomaji. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, na Bukombe, iliyo kitovu cha Usumbwa wa zamani, ilikuwa sehemu ya Shinyanga kabla ya hapo. John Hanning Speke alipita njia hii katikati ya mwaka 1858 akielekea Mwanza. Walinzi Wabaluchi ambao yeye na Burton walikuja nao kutoka pwani walikuwa bado wanabeba bunduki za utambi, aina ambayo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameiacha zaidi ya karne moja kabla yake.

Aina za bunduki na mahitaji yake

Kiswahili kina neno gobori kwa bunduki zote za kujazia mbele, yaani zile ambazo baruti na risasi hutiwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki. Ndani ya jina hilo kuna aina mbili ambazo kwa mnunuzi wa karne ya 19 zilitofautiana sana. Ya kwanza ni gumegume. Nyundo yake hubana kipande cha jiwe, jiwe hupiga bapa la chuma, cheche huangukia kisahani chenye baruti laini, na moto hupenya tundu dogo hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa. Katika mvua ya masika mlolongo huu hukatika kirahisi. Lugha yenyewe imehifadhi hukumu juu ya silaha hii: mwanamume asiyetimiza wajibu wake nyumbani huitwa gumegume, na si vigumu kuona sababu kwa yeyote aliyewahi kusikia jiwe likilia bila mlio wa bunduki kufuata.

Aina ya pili ni bunduki ya fataki. Hapa nyundo huangukia kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka kwa kupigwa. Majeshi ya Ulaya yaliipokea katika miaka ya 1830 na 1840. Hailemewi sana na mvua, na huwaka karibu kila mara. Lakini fataki hutoka kiwandani tu. Mwenye gumegume akipoteza jiwe hutafuta jiwe, ilhali mwenye bunduki ya fataki akiishiwa fataki amebaki na rungu.

Bunduki ya kujazia nyuma ilikuja baadaye. Waprusia walikuwa na ya kwao tangu mwaka 1841, lakini ushindi wao dhidi ya Austria huko Sadowa mwaka 1866 ndio uliowatia hofu wengine wote. Ufaransa ikapokea Chassepot mwaka uleule, Uingereza ikaanza kugeuza bunduki zake kuwa Snider, na kufikia mwaka 1871 Martini-Henry na Mauser zilikuwa zimeingia jeshini. Nyingi kati ya silaha hizi zilikuwa na mitaro ndani ya mtutu na zilitumia risasi za ganda la shaba, ambamo risasi, baruti na fataki ni kitu kimoja. Mpigaji aliyelala chini angeweza kupiga mara nyingi kwa dakika, na kwa umbali ambao gobori halikuufikia hata kwa bahati.

Ubora wa silaha ya tatu hauna ubishi. Mtego wake uko kwenye ganda. Mhunzi wa Unyamwezi au Uzinza alikuwa fundi wa kweli. Majembe yaliyouzwa mbali na ukanda huu yanashuhudia, na Walongo wa Geita walijulikana kwa kuyeyusha chuma hadi karne ya 20. Mhunzi huyo aliweza kunyoosha nyundo iliyopinda, kubadili kitako, au kufua vipande vya chuma vya kupigia pale risasi za madini laini zilipokosekana. Ganda la shaba la kipimo kamili chenye fataki katika kitako chake halikuwa ndani ya uwezo wa kiunzi chake. Kadiri silaha ilivyokuwa bora, ndivyo ilivyomfunga mwenyewe kwa duka lililokuwa mbali.

Chimbuko la bidhaa

Duka hilo lilikuwa Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said wa mwaka 1833, uliojadiliwa na Edmund Roberts, una kifungu ambacho wanahistoria wa nguo za merikani huwa wanakiruka. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa zao kwa uhuru, isipokuwa kwamba katika kisiwa cha Zanzibar bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote za Sultani silaha hizo zingeweza kuuzwa bila kizuizi kwa yeyote aliyetoa bei kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, Said alijilinda nyumbani kwake na kuiacha Mrima wazi. Barabara ya kwenda Tabora ilianzia Mrima.

Kwa miaka thelathini iliyofuata bidhaa ilikuwa gobori tu, na suala la uchaguzi lilikuwa dogo. Mabadiliko ya baada ya 1866 ndiyo yaliyolifanya soko kuwa soko. Kila jeshi la Ulaya lililopokea silaha mpya lilibaki na ghala la silaha za zamani ambazo hazikuwa mbovu ila zimepitwa. Wafanyabiashara wa Liège, Birmingham na Hamburg walizinunua kwa bei ya vyuma chakavu. Pamoja nazo zilikuja nyingine zilizotengenezwa mahususi kwa biashara ya Afrika, ambazo mitutu yake ilikuwa myembamba na haikutengenezwa kwa kuhofia mkaguzi yeyote wa jeshi. Hizi za pili ndizo takataka halisi. Kuzichanganya na zile za kwanza, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kosa: bunduki ya jeshi iliyotumika miaka kumi na iliyokaguliwa kiwandani ilikuwa chombo madhubuti kuliko mpya iliyotengenezwa jana kwa ajili ya kuuzwa tu.

Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina ziliingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka. R. W. Beachey aliitoa hesabu hiyo katika makala yake ya mwaka 1962, na tangu hapo imenukuliwa karibu kila mahali. Inahesabu zilizoshushwa bandarini. Haihesabu zilizopasuka, zilizoota kutu katika mapaa ya nyasi, wala zilizokosa baruti msimu mzima. Aidha, mwandishi wake alikuwa na shabaha ya kuishawishi serikali yake kuzuia biashara hiyo, na idadi kubwa ilimsaidia. Inafaa kutumika kama kipimo cha ukubwa wa biashara, na si kama idadi ya watu wenye silaha.

Mpagazi, mwindaji, mtemi

Mnunuzi wa kawaida wa bunduki ya kwanza katika ukanda huu alikuwa kijana aliyekwenda pwani kama mpagazi. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006, amewaonyesha wapagazi wa Kinyamwezi kuwa wafanyakazi wa ujira waliojua kupatana na waliojua bei. Kijana huyu alilipwa kwa nguo au fedha, na alipofika pwani alikuwa mahali ambapo bunduki ilikuwa rahisi kuliko popote atakapopita akirudi. Kila siku ya safari kwenda bara iliongeza thamani yake. Alikuwa na sababu ya kununua, na sababu ya kununua kitu ambacho angeweza kukibeba juu ya mzigo mwingine, na kukitumia katika kijiji ambacho hakina mwingine wa kumwazima fataki.

Matumizi yake yalikuwa yapi? Kufukuza nguruwe na nyani shambani. Kuwinda paa. Kupiga mlio msafara unapokaribia kijiji, kwani hakuna msafara uliojiheshimu ulioingia kimyakimya. Na kuonekana. Katika kazi hizi tatu kati ya nne, kinachotakiwa ni moshi na kishindo, na gumegume hutoa vyote viwili kwa wingi kuliko silaha yoyote iliyokuja baada yake. Msafiri aliyecheka bunduki hizo kwa kukosa shabaha alikuwa anazipima kwa kazi ambayo hazikununuliwa kuifanya.

Mwindaji wa ndovu alikuwa mnunuzi wa namna nyingine kabisa. Chama cha wawindaji, Bayege, kilikuwa na dawa zake, miiko yake na sumu zake kabla ya bunduki kufika. Kwa mwindaji hakukuwa na haja ya kupiga mbali. Alimkaribia mnyama kama alivyomkaribia kwa mkuki. Alichohitaji ni risasi nzito yenye baruti nyingi nyuma yake, na hapo unene wa mtutu ulikuwa suala la uhai. Mtutu mwembamba wa biashara ulioshindiliwa baruti ya kumwangusha ndovu ulimrudia aliyeushika. Kwa mtu huyu peke yake, kati ya wanunuzi wote, tofauti kati ya bunduki ya bei ndogo na bunduki madhubuti ilijidhihirisha katika vidole vya mkono wake. Lakini hata yeye hakuihitaji ya kujazia nyuma. Gobori zito la jeshi, lililokuwa la bei ya kati, ndilo lililomfaa.

Hapa ndipo mtemi anapoingia. Kwa desturi, pembe moja ya kila ndovu aliyeuawa katika nchi yake ilikuwa ya ikulu. Mtemi aliyempa mwindaji bunduki na baruti alikuwa anawekeza, na alikuwa na sababu ya kutaka baruti ihifadhiwe kwake, itolewe kwa kipimo, na irudi ikiwa pembe. Kwa hiyo kwa wanaume wengi bunduki ya kwanza haikununuliwa. Iliazimwa. Andrew Roberts aliandika mwaka 1968 kwamba biashara ya masafa marefu iliwapa watemi njia mpya za nguvu na papo hapo ikawapa raia njia ya kuwakwepa. Bunduki ya mpagazi na bunduki ya ikulu ni pande hizo mbili. Iliyonunuliwa pwani ilikuwa duni, lakini ilikuwa ya mwenyewe. Tofauti hiyo haina kipimo katika orodha ya bei, nayo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko mitaro ndani ya mtutu.

Katika uthibitisho wa yote haya hakuna kisa kizito kuliko cha Msiri. Alitoka Usumbwa, nyumba ya wafanyabiashara wa shaba nyekundu, na kufikia katikati ya miaka ya 1850 alikuwa akielekea Katanga ambako baba yake, Kalasa, alikuwa amefanya biashara kabla yake. Alikwenda na watu wachache na bunduki chache. Huko hakukuwa na bunduki, na hilo lilitosha. Jina la Bayeke, ambalo wafuasi wake wanalo hadi leo huko Kongo, linatokana na Bayege, wawindaji wa ndovu. Gobori chache zilizobebwa kutoka Bukombe zilijenga dola ya Garenganze yenye makao yake Bunkeya. Ubora wa bunduki ulipimwa kwa kulinganisha na ya jirani, na jirani hakuwa nayo.

Mfano wa pili unakwenda kinyume, na unatoka katika nchi hiyohiyo. Wangoni walioitwa Watuta walihamia Runzewe, ndani ya Usumbwa, wakiwa na mikuki mifupi, ngao na nidhamu ya kupigana kwa vikosi. Kwa miaka mingi waliwatisha majirani wenye magobori. Bunduki inayochukua zaidi ya nusu dakika kujazwa haimsaidii mtu aliyekwisha kufikiwa. Upinde nao haukuwahi kustaafu katika ukanda huu: miaka ya 1981 na 1982, wezi wa ng'ombe walipokuwa na bunduki zilizozagaa baada ya vita vya Kagera, Sungusungu wa Kahama na Shinyanga walijipanga kwa pinde, mishale na filimbi, na Ray Abrahams aliyewachunguza aliona nguvu yao katika idadi na mpango.

Mirambo aliyaelewa yote mawili. Aliwaiga Wangoni katika mwendo na akachukua bunduki kwa wafanyabiashara. Mwezi wa Agosti 1871 watu wa Unyanyembe, Stanley akiwa pamoja nao, walikwenda kumshambulia wakiwa na silaha nzuri zaidi kuliko zake. Waliiteka Wilyankuru, wakapora pembe na watumwa, kisha wakarudi wamelemewa na mizigo kwenye njia yenye nyasi ndefu. Mirambo alikuwa anawangoja humo. Kabla ya mwisho wa mwezi huo rugaruga wake waliingia Tabora yenyewe na kumuua Khamis bin Abdullah. Bunduki nzuri zilikuwa upande wa walioshindwa.

Vita vilidumu hadi 1875, na wapinzani wake walijifunza kuacha kushindana naye kwa ubora wa mitutu. Walijaribu kumfungia njia ya baruti. Norman Bennett, katika wasifu wake wa Mirambo wa mwaka 1971, anaonyesha jinsi mtemi huyo alivyotumia miaka yake iliyobaki kutafuta mlango wa pwani usiopitia mikononi mwa adui zake: kwanza Philippe Broyon, mfanyabiashara wa Uswisi aliyeoa katika nyumba yake, kisha Konseli Kirk, kisha wamisionari wa London Missionary Society, aliowakaribisha Urambo. Ukaribu na Waingereza uliharibika baada ya Carter na Cadenhead kuuawa Pimbwe mwaka 1880 katika mapigano ya watu wake. Daktari Southon, mmisionari aliyekuwa rafiki yake wa karibu, alikufa mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya, ajali ambayo inapaswa kuwakumbusha wanaoamini kwamba hatari ilikuwa katika silaha za wenyeji tu. Mirambo mwenyewe alikufa Desemba 1884, bado akitafuta mlango huo.

Baada yake, mtu aliyeushika mlango huo kwa ukanda wa kaskazini alikuwa Charles Stokes. Alizaliwa Ireland, akaja Afrika kama mmisionari wa Church Missionary Society, akaacha umisionari, akaoa Usongo katika ukoo wa watemi, na kujenga huko makao ya misafara. Kutoka Usongo bidhaa zake zilipanda hadi ziwani. Mwaka 1889 alimsaidia Mwanga na Wakristo wa Buganda kurudi madarakani, na bunduki zilikuwa sehemu ya msaada huo. Umuhimu wa Stokes kwa hoja hii ni kwamba alileta bidhaa bora hadi karibu na mlango wa mnunuzi, na kwa mara ya kwanza mtemi wa ukanda huu aliweza kufikiria risasi za ganda kama kitu kinachoweza kuagizwa tena. Hesabu ya zamani, iliyoifanya gumegume kuwa ya busara, ilianza kubadilika. Haikupewa muda.

Sheria ya 1890 na matokeo yake

Tarehe 2 Julai 1890 madola yaliyokutana Brussels yalitia saini hati ya kukomesha biashara ya watumwa. Kifungu cha nane kilipiga marufuku kuingiza silaha za moto, hasa zenye mitaro na zilizoboreshwa, pamoja na baruti na risasi zake, katika eneo lote kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta. Vifungu vilivyofuata viliacha tundu moja. Gumegume zisizo na mitaro, na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuendelea kuuzwa kwa masharti ya maghala ya serikali.

Wasomi wengi husoma hati hii kama sheria ya kupunguza silaha. Isomwe pia kama sheria ya ubora. Tofauti kati ya bunduki duni na bunduki bora, ambayo kwa miaka hamsini ilikuwa imeachwa kwa mnunuzi apime mwenyewe kulingana na shamba lake, msafara wake na umbali wa duka, ilichukuliwa na serikali za Ulaya na kufanywa tofauti ya hadhi. Mwafrika angeruhusiwa kile ambacho Ulaya haikukiogopa tena. Huo ndio wakati ambapo gumegume iligeuka kuwa kile Rodney alichokiona: silaha ya mtu aliyepangiwa kushindwa. Aliipeleka hali hiyo nyuma hadi mwanzo wa biashara, na hapo ndipo hoja yake inapohitaji kurekebishwa.

Stokes alikumbwa na mabadiliko hayo mwili mzima. Mwezi wa Januari 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo, Lothaire, alimnyonga kwa shtaka la kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo, katika kesi ya haraka iliyozua mgogoro kati ya London na Brussels. Huko Katanga, Msiri alikuwa amekwisha kuuawa Desemba 1891 na ofisa wa msafara wa Stairs, wakati ambapo baruti yake ilikuwa haba.

Isike wa Unyanyembe ndiye wa mwisho katika mfululizo huu. Tangu atawale mwaka 1876 alikuwa amekusanya bunduki na baruti kwa wingi, na boma lake karibu na Tabora lilizuia mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892. Januari 1893 Tom von Prince aliliingia. Isike, alipoona kuta zimepenywa, aliwasha moto ghala lake la baruti akiwa ndani na jamaa zake. Mlipuko haukummaliza, Wajerumani walimtoa akiwa mahututi na kumnyonga. Mali aliyoiwekea akiba kwa miaka kumi na saba, na ambayo kila mtemi wa ukanda huu aliithamini kuliko bunduki zenyewe, iliteketea kwa dakika moja bila kupitia mtutu wowote.

Chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, gobori liliendelea kuishi kwa kibali kama silaha ya kulindia mashamba. Lakini mpaka uliochorwa Brussels haukuwahusu raia peke yao. Mwaka 1914 vikosi vingi vya askari wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani vilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi yenye moshi mzito, wakati ambapo jeshi la Ujerumani kwao lilikuwa na Mauser ya mwaka 1898. Meli Rubens ilileta bunduki mpya katika ghuba ya Manza mwezi wa Aprili 1915, na zikagawanywa kadiri zilivyofika. Katikati ya mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilipoiteka Mwanza na kushuka kusini kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, wakati Wabelgiji wakija kutoka magharibi, baadhi ya askari waliorudi nyuma mbele yao walikuwa bado wanabeba ile ya zamani. Kila walipopiga, wingu jeupe lilisimama juu ya nyasi na kumwonyesha adui mahali walipolala.